Mvinyo wa Kula na Samaki: Anza na Swali la Ndimu

Watu wengi wakisimama mbele ya rafu ya mvinyo huanza kufikiria jina la samaki waliyemnunua. Jina halisaidii sana. Samaki yuleyule akipikwa kwa mvuke ni chakula kimoja, akikaangwa ni kingine, akitiwa kwenye mchuzi wa krimu ni cha tatu, na kila kimoja kina chupa yake. Swali linalosaidia unalijua tayari, kwa sababu umeshajiuliza mara nyingi ukiwa na sahani mbele yako: huyu nimkamulie ndimu kiasi gani?

Mwongozo huu wote umejengwa juu ya swali hilo. Ukilizoea, utaweza kuchagua mvinyo hata mahali ambapo hujui chupa hata moja.

Hatua ya 1: Jibu swali la ndimu

Ndimu haikuwekwa kando ya samaki kwa ajili ya urembo. Samaki wa baharini ana kemikali mwilini, isiyo na harufu, inayomwezesha kuhimili chumvi ya maji anamoishi. Akishakufa, bakteria huanza kuigeuza kemikali hiyo kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo tunayoinusa. Asidi ikiifikia trimethilamini huifunga ikawa chumvi isiyopaa hewani, na pua inakosa cha kunusa. Ndimu inafanya hivyo. Siki inafanya hivyo. Mvinyo mweupe wenye ugwadu nao unafanya hivyo, kwa asidi za zabibu zenyewe, tena kwa upole zaidi: maji ya ndimu yana pH ya karibu 2, wakati mvinyo mweupe mwingi huwa kati ya 3 na 3.5. Ni kama ndimu iliyotulizwa, ambayo unaweza kuipata upya kila baada ya tonge.

Basi mtazame samaki wako. Kama ungemkamulia kwa wingi, kama unavyofanya kwa chaza wabichi, dagaa au ngisi wa kukaanga, tafuta mvinyo mweupe mkavu wenye ugwadu mkali. Kama ungedondosha matone machache tu, kama kwa kamba au kipande cha samaki wa kubanika, tafuta wenye ugwadu wa wastani na harufu ya matunda. Na kama ndimu ingeharibu chakula, kwa mfano kambakoche aliyezama kwenye siagi na krimu, hapo unahitaji mvinyo mnene, uliolainika.

Neno "mkavu" lisikutatize. Mvinyo mkavu ni ule ambao sukari yake karibu yote imechachuka ikawa kileo, hivyo haubaki mtamu. Mvinyo unaweza kunukia embe na nanasi ukawa mkavu kabisa ulimini. Pua na ulimi hushuhudia mambo mawili tofauti, na wanaoanza wengi huamini pua peke yake.

Hatua ya 2: Pima uzito wa sahani

Mvinyo mwepesi ukikutana na chakula kizito unageuka maji. Mvinyo mzito ukikutana na chakula chepesi unakifunika, na fedha uliyotoa kwa samaki mbichi imepotea. Kwa hiyo pima kwanza.

Chepesi ni samaki mweupe mwenye mnofu laini, aliyepikwa kwa mvuke au kuchemshwa. Cha kati ni kamba, kaa, kome, na samaki mwenye mnofu mgumu aliyekaangwa kidogo. Kizito ni samaki mwenye mafuta yake mwenyewe, kama samoni, jodari na kibua, au samaki yeyote aliyepitia moto mkali wa makaa akaota ukoko. Jiko linaongeza uzito kuliko bahari: samaki mweupe mnyonge akibanikwa hadi ngozi ikawa kahawia, mhamishe daraja.

Uzito wa mvinyo unausoma kwenye lebo bila kuonja. Tazama asilimia ya kileo. Ukiona 11 au 12, huo kwa kawaida ni mwepesi, ukiona 13.5 kwenda juu, utaujaza mdomo. Kisha tazama kama umetajwa kukaa kwenye pipa la mwaloni. Pipa huongeza unene, harufu ya vanila na ya mkate wa kuokwa, na wakati mwingine ukakasi kidogo. Mara nyingi mvinyo wa namna hiyo pia umepitia mchachuko wa pili, ambapo bakteria huigeuza asidi ya maliki, ile kali ya tofaa bichi, kuwa asidi ya laktiki, ile ya maziwa. Ndiyo sababu mvinyo mwingine wa Chardonnay, zabibu nyeupe maarufu, huwa laini na wenye harufu ya siagi. Ni mvinyo mzuri, lakini usiupeleke kwa chaza.

Hatua ya 3: Usikilize mchuzi kuliko samaki

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Samaki akiogeshwa mchuzi wenye nguvu, wewe unachagua mvinyo wa mchuzi, na samaki anafuata.

Siagi na krimu hutaka mvinyo wenye unene unaolingana nazo, lakini usiokosa ugwadu kabisa, maana kinywa kilichofunikwa mafuta kinahitaji kitu cha kukisafisha. Chardonnay ya pipa kutoka Burgundy, mashariki mwa Ufaransa, kama ile ya kijiji cha Meursault, ina vyote viwili.

Nyanya ina asidi yake. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mvinyo usizidiwe ugwadu na chakula, kwani ukizidiwa huonekana umepooza, kama soda iliyoachwa wazi usiku kucha. Kwa kitoweo cha samaki chenye nyanya, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, sijaona kinachoshinda mvinyo mkavu wa rangi ya waridi kutoka Provence, kusini mwa Ufaransa. Ukitamani mwekundu, Barbera ya kaskazini mwa Italia ina ugwadu mwingi na tanini chache (tanini ndizo zinazoleta ukakasi mdomoni), na nyanya huipokea vizuri.

Tui la nazi lina mafuta na utamu wa mbali. Mvinyo mkavu sana huonekana mkali na mwembamba mbele yake. Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa bonde la mto Loire nchini Ufaransa au wa Afrika Kusini, ina mwili wa kutosha na ugwadu wa kukata mafuta ya tui. Viognier, nyeupe nyingine, nayo inafaa kwa harufu yake ya maua, ila haina ugwadu mwingi, kwa hiyo iwe baridi.

Pilipili inadai uangalifu zaidi. Kileo huongeza mwako wa pilipili. Mvinyo wa asilimia 14 juu ya kamba wa pilipili kali ni kuchochea moto. Tanini nazo huzidisha. Unachotafuta ni kileo kidogo, baridi, na sukari kidogo iliyobaki. Hakuna mvinyo unaotimiza haya kama Riesling, mvinyo mweupe wa Mosel, Ujerumani, iliyoandikwa Kabinett kwenye lebo. Nyingi zina kileo cha asilimia 8 au 9 tu, zina utamu kiasi, na ugwadu wake unauzuia utamu huo usichoshe. Nimewaona watu walioapa kwamba hawanywi mvinyo mtamu wakiomba glasi ya pili baada ya tonge la kwanza la kaa wa pilipili. Ulimi unaoungua huomba sukari kidogo, na wao walikuwa hawajawahi kuionja mahali pake.

Mchuzi wa soya ni jambo jingine tena. Una chumvi, na chumvi ni rafiki wa mvinyo: hupunguza uchungu na kuulainisha ugwadu. Lakini soya, pamoja na mwani na samaki waliokaushwa, ina ladha ile nzito ya supu inayoitwa umami, nayo huufanya mvinyo uonekane mchungu na mkali zaidi. Kwa hiyo kwa samaki mbichi wa kuchovya kwenye soya, epuka pipa, epuka tanini. Champagne iliyokaa muda mrefu juu ya hamira yake inafaa sana, kwa kuwa hamira yenyewe imeuachia mvinyo sehemu ya ladha hiyohiyo.

Hatua ya 4: Chagua chupa

Sasa nenda dukani. Nitaanza na chaza, kwa sababu hao ndio mtihani wa kweli: wabichi, wana chumvi, wana ladha ya madini, na hawana mchuzi wa kukuficha ukikosea.

Muscadet ndiyo ninayowapendekezea watu kwanza. Inatoka magharibi kabisa mwa bonde la Loire, karibu na Nantes, mahali mto unapokaribia bahari ya Atlantiki, na zabibu yake inaitwa Melon de Bourgogne. Yenyewe haina makeke. Inanukia ndimu, tofaa bichi, na upepo wa pwani. Tafuta maneno "sur lie" kwenye lebo. Maana yake ni kwamba mvinyo ulipitisha majira ya baridi ukiwa juu ya mashapo ya hamira iliyouchachusha, na mashapo hayo huupa unene kidogo na ladha ya mbali ya mkate. Bila hayo, Muscadet inaweza kuwa nyembamba mno.

Chablis ni ya daraja jingine. Ni Chardonnay ya kaskazini mwa Burgundy, na ardhi yake ni chokaa na udongo wa mfinyanzi uliojaa visukuku vya chaza wadogo walioishi kwenye bahari ya kale. Hadithi hii husimuliwa kila chupa inapofunguliwa, kana kwamba mzabibu unanyonya ladha ya chaza kutoka kwenye mawe. Mimi naipenda hadithi, lakini sidhani kama mizizi inafanya kazi hiyo. Kinachoifanya Chablis ikae na chaza ni hali ya hewa ya baridi inayoziacha zabibu na ugwadu mkali, na desturi ya kutoitia kwenye mapipa mapya ya mwaloni. Kwa sababu hiyohiyo, kwa chaza chukua Chablis ya kawaida au Petit Chablis. Zile za Grand Cru, yaani za daraja la juu kabisa, ni nene zaidi, na zingine zimepita kwenye pipa. Ziweke kwa ajili ya samaki wa siagi.

Kuna chupa moja ambayo wengi huipita bila kuitazama, nayo ni Manzanilla. Ni aina ya sheri, mvinyo wa Hispania unaoongezewa kileo, inayokomazwa Sanlúcar de Barrameda, kusini mwa Hispania, palepale mto Guadalquivir unapoingia baharini. Huongezewa kileo hadi kufikia karibu asilimia 15, kisha huzeeshwa ndani ya mapipa chini ya utando wa hamira unaoelea juu na kuukinga na hewa. Matokeo yake ni mvinyo mkavu kama mfupa uliopigwa jua, wenye ladha ya lozi na kitu kinachofanana na chumvi. Uweke baridi sana, mimina kwenye glasi ndogo, kisha kula kamba wa kukaanga au dagaa waliotiwa chumvi. Ukishafungua, umalize ndani ya siku chache, kwa maana ubichi ndio uhai wake.

Vya kukaanga hutaka mapovu. Gesi na ugwadu kwa pamoja husugua mafuta ulimini, na kila tonge huja kama la kwanza. Champagne si lazima. Cava ya Hispania na Crémant za Ufaransa hutengenezwa kwa njia ileile ya kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa. Ila soma lebo kwa makini, kwani kuna mtego. "Brut" ina sukari isiyofikia gramu 12 kwa lita, "Extra Brut" haizidi gramu 6, na "Brut Nature" haifikii gramu 3. Lakini "Extra Dry", ambayo kwa sikio inaelekea kuwa kavu kuliko zote, ina gramu 12 hadi 17 na ni tamu kuliko Brut. Prosecco nyingi, mvinyo wa mapovu wa Italia, huuzwa hivyo. Kwa ngisi wa kukaanga wenye chumvi, Brut.

Kamba, kaa na kambakoche wana utamu wao wa asili, na mvinyo unapaswa kuuheshimu. Albariño ya Rías Baixas, kaskazini-magharibi mwa Hispania, ina ugwadu na chumvi, lakini pia ina harufu ya pichi inayoukumbatia utamu wa kaa. Kwa kaa wa kuchemsha asiye na kingine zaidi ya chumvi, ndiyo chupa yangu. Riesling iliyoandikwa "trocken", yaani kavu, nayo haikuangushi. Kombe waliobanduliwa na kukaushwa kwenye kikaango cha moto hadi wakapata rangi pande zote mbili wako kwenye kundi hili, ila rangi ile ya kahawia huwaongezea uzito, kwa hiyo Chardonnay yenye pipa kidogo hukaa nao vizuri.

Pweza wa kubanika, mwenye moshi na mafuta ya zeituni, mpe Assyrtiko ya kisiwa cha Santorini. Zabibu hii hukua kwenye majivu ya volkano, mahali penye upepo mkali kiasi kwamba wakulima husuka matawi ya mzabibu chini kama kikapu ili vishada vijifiche ndani. Pamoja na jua lote lile, ugwadu wake haupotei, jambo ambalo ni nadra. Ina nguvu ya kuukabili moshi bila kuwa nzito.

Samaki mweupe wa mvuke hahitaji maneno mengi. Soave, Vermentino, Picpoul de Pinet, Pinot Grigio ya milimani: chochote chepesi, kisafi, kisicho na pipa. Mradi usimfunike.

Dagaa na vibua ni wadogo lakini mafuta yao ni mengi na shombo yao ni ya haraka. Hapa nenda na ugwadu mkali kuliko unavyodhani unahitaji. Vinho Verde ya kaskazini mwa Ureno, yenye vipovu vidogo vinavyochomachoma ulimi, ni nzuri na haichoshi, kwani nyingi hazina kileo kikubwa.

Hatua ya 5: Amua kuhusu mvinyo mwekundu

Niliwahi kuwabanikia wageni vibua, nikawafungulia Cabernet Sauvignon niliyokuwa nimeihifadhi kwa miaka. Samaki walikuwa wa asubuhi ileile. Mvinyo ulikuwa mzima, wa kuheshimika. Vilipokutana mdomoni tulipata ladha ya kulamba kisu. Hakuna aliyesema neno, ila glasi zilibaki zimejaa, na mimi nilianza kutafuta sababu.

Sababu ipo. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya majaribio ambayo walionjesha watu kombe pamoja na mivinyo mingi ya aina mbalimbali. Waligundua kwamba ladha mbaya ya shombo inayobaki mdomoni iliendana na kiasi cha madini ya chuma kilichomo kwenye mvinyo, hasa kikifika miligramu 2 kwa lita au zaidi. Walipoongeza kitu kinachoyashika madini hayo, ladha ikapungua. Chuma, inavyoelekea, huyaharakisha mafuta ya samaki yavunjike, na yakivunjika hutoa harufu hizo. Mvinyo mwekundu mara nyingi huwa na chuma zaidi kuliko mweupe, ingawa si daima. Ndiyo maana chupa moja nyekundu inaweza kukaa vizuri na samaki na nyingine, ya zabibu ileile, ikakataa.

Kisha kuna tanini, ile inayoleta ukakasi kwenye fizi kama umetafuna ndizi mbichi. Tanini hupenda kushikamana na protini na mafuta ya nyama. Mnofu laini wa samaki haunazo za kutosha kuzituliza, na ukakasi unabaki peke yake.

Kwa hiyo mwekundu haukatazwi, ila uchague kwa masharti: tanini chache, ugwadu wa kutosha, na pipa lisisikike. Pinot Noir na jodari aliyebanikwa juu juu, katikati akabaki mwekundu, ni kati ya milo bora ninayoijua. Samoni wa kubanika naye huipokea. Gamay ya Beaujolais hufaa samaki aliyepikwa na uyoga au vitunguu vilivyoiva hadi kuwa vitamu. Cabernet, Syrah nzito na Nebbiolo ziache kwa siku ya nyama. Na kwa chaza, kome na dagaa, usijaribu mwekundu wowote.

Hatua ya 6: Upoze ipasavyo

Mvinyo wenye mapovu uwe kati ya nyuzi 6 na 8 za Selsiasi. Mweupe mwepesi na wa waridi, 8 hadi 10. Mweupe mnene wa pipa, 10 hadi 13. Mwekundu mwepesi wa kula na samaki, 12 hadi 14.

Jokofu la nyumbani huwa karibu nyuzi 4, yaani baridi kupita zote hizo. Chupa iliyolala humo usiku kucha itoe mapema: Muscadet dakika 10 kabla ya kula, Meursault dakika 20 au 30. Baridi kali huziba harufu, na katika mvinyo mnene harufu ndiyo uliyoilipia. Chupa ya joto la chumbani nayo ikae jokofuni saa mbili na nusu hivi. Pinot Noir iingize nusu saa tu.

Ukiwa na haraka, usitumie barafu tupu. Mabonge ya barafu yana hewa katikati, na hewa haipitishi baridi vizuri. Weka chupa kwenye ndoo, jaza barafu na maji hadi shingoni, tia kiganja cha chumvi, uizungushe mara kwa mara. Baada ya dakika 15 hadi 20 iko tayari. Chupa ya mapovu isipoe nusunusu: ikiwa na joto, gesi hutoka kwa vurugu na kizibo kinaweza kuruka. Shika kizibo kwa nguvu, zungusha chupa, na acha gesi itoke kwa pumzi moja ya chini.

Hatua ya 7: Jaribu mezani na urekebishe

Kunywa kidogo, kula tonge, kunywa tena. Funda la pili ndilo lenye habari. La kwanza linakuambia mvinyo ulivyo. La pili linakuambia walivyopokeana.

Funda la pili likileta ladha ya chuma au shombo, ongeza matone ya ndimu kwenye samaki, na isipotosha badilisha chupa. Mvinyo ukionekana umepooza, chakula kina ugwadu kuuzidi. Pengine umekamua ndimu nyingi kwa mazoea. Hili ni muhimu, na ni rahisi kulisahau: ukishapata mvinyo sahihi, onja samaki kwanza bila ndimu. Mvinyo umekuja kufanya kazi ile. Ukionekana mkali mno, chembe chache za chumvi juu ya samaki huutuliza mara moja. Ukionekana mchungu, shuku soya au pipa. Na ukinuka kadibodi iliyolowa au ghala lenye unyevu kabla hata hujala, kosa si la samaki wala lako. Kizibo kimeuharibu mvinyo, na muuzaji mwungwana atakubali umrudishie.

Ukiwa na sahani nyingi mezani kwa wakati mmoja, chaza hapa, kamba pale, samaki mzima katikati, usihangaike na chupa tano. Brut yoyote iliyotengenezwa vizuri itapita mezani kote bila kugombana na mtu. Kama watu hawapendi mapovu, waridi mkavu. Na kama chupa ni mbili, tangulia na nyepesi na kali, fuatisha nene. Ukigeuza, ile nyepesi haitaonekana.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano au sita. Ikibaki, izibe na uirudishe jokofuni, hata kama ni nyekundu. Nyeupe huvumilia siku tatu hadi tano, yenye mapovu siku moja au mbili ukiwa na kizibo chake maalumu.

Glasi moja iliyobaki siku ya tatu, ambayo haivutii tena kunywewa, ina kazi. Chukua kilo moja ya kome, uwasugue vizuri, uwatupe wenye magamba yaliyovunjika na wale ambao hawajifungi ukiwagonga. Kaanga kitunguu kidogo na punje mbili za kitunguu saumu kwenye siagi, mimina mvinyo, uache uchemke kwa nguvu dakika mbili ili ukali wa kileo upungue. Tia kome, funika sufuria, uitikise mara moja au mbili. Baada ya dakika tatu hadi tano watakuwa wamefunguka. Watakaobaki wamejifunga usiwale. Usiongeze chumvi kabla ya kuonja, kwani maji yao wenyewe ni ya bahari. Wapeleke mezani wakiwa na mchuzi wao na mkate wa kuchovya, na ufungue chupa mpya ya mvinyo uleule.